Mpenzi wa Wafaransa Aliyechagua Kunyamaza

Maneno haya niliyasema Mombasa mbele ya wanafunzi na walimu wa Kifaransa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Walimu wangu, wazazi mliokuja, nanyi wanangu mnaosoma Kifaransa: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Nianze na wimbo. Mwishoni mwa miaka ya tisini sikumbuki harusi hapa kwetu iliyokwisha bila kupigwa "Aïcha" ya Khaled. Mimi niliusikia mara ya kwanza Majengo, kwenye spika iliyofungwa juu ya mwarobaini, shangazi zangu wakiitikia "Aisha, Aisha" bila kujua neno jingine hata moja. Kila Aisha aliyekuwepo alisukumwa katikati acheze. Tulidhani ni wimbo wa Kiarabu. Waliojua zaidi walisema ni wa Algeria, na kweli Khaled ni mtoto wa Oran. Lakini yale maneno ya Kifaransa hakuyaandika Khaled. Aliyaandika mwaka 1996 Mfaransa mmoja mpole anayeitwa Jean-Jacques Goldman.

Najua wengi wenu jina hilo ni geni. Ufaransa, ukilitaja kwenye foleni ya mkate, atapatikana mtu wa kuanza kuimba.

Liko gazeti la Jumapili, Le Journal du Dimanche, ambalo tangu 1988 limekuwa likiwauliza Wafaransa, kwa msaada wa taasisi ya kura za maoni ya Ifop, ni watu gani mashuhuri wanaowapenda zaidi. Huulizwa watu wapatao 1,000, na majibu yao hutoka kama orodha ya majina 50. Wa kwanza kuongoza alikuwa Jacques-Yves Cousteau, baharia wa kofia nyekundu aliyewaonyesha walimwengu maisha ya chini ya bahari. Baadaye akaja padri mmoja, huyo nitamrudia. Kisha Zinedine Zidane, Yannick Noah, Omar Sy. Na tangu 2013, mara nyingi mno, Goldman.

Sasa zingatieni. Goldman alifanya ziara yake ya mwisho ya muziki mwaka 2002. Tangu hapo hajatoa albamu mpya ya kwake, kamera anazikwepa, na hana kurasa za kujitangaza. Wapo Wafaransa wenye watoto leo ambao hawajawahi kumwona akifanya tamasha lake mwenyewe. Alihamia London na familia yake. Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, aliibuka kwa video fupi, akiwa nyumbani, amegeuza maneno ya wimbo wake wa zamani kuwa shukrani kwa wauguzi, madaktari na wote waliokuwa bado wanatoka kwenda kazini. Nchi nzima ikalia. Akarudi kimya.

Nimekaa Marseille miaka sita, na swali nililorudi nalo ni hili: inakuwaje taifa linalobishana mezani kuanzia supu hadi jibini limpende kuliko wote mtu asiyesema?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnifuate vizuri. Mapenzi ya Wafaransa kwa watu wao mashuhuri yanakwenda pamoja na ukimya, na ukimya huo una sura tatu. Upo ambao mtu ameuchagua mwenyewe. Upo ambao anadaiwa. Na upo ambao wengine walibebeshwa ili yeye aendelee kupendwa.

Tuanze na ule wa kuchagua, kwa sababu ndio mzuri.

Goldman alizaliwa Paris mwaka 1951. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka Lublin, Poland, aliyepigana na Wanazi ndani ya Ufaransa katika vikosi vya siri vya wahamiaji. Mama yake alikimbia kutoka Munich. Nadhani mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo anajua mapema kwamba mambo makubwa hufanyika bila kutangazwa.

Mwaka 1985 alikuwa tayari nyota. Siku moja akafuatwa na Coluche. Coluche alikuwa mchekeshaji mkubwa wa zama zake, mtoto wa mhamiaji wa Kiitaliano, aliyekua maisha ya dhiki pembezoni mwa Paris. Mwezi Septemba mwaka ule alisema redioni kwamba ni aibu nchi yenye maghala ya chakula kilichozidi iwe na watu wanaolala njaa, akatangaza nia ya kufungua mahali pa kuwalisha majira ya baridi. Akapaita Restos du Cœur, yaani mikahawa ya moyo. Alihitaji wimbo. Goldman akauandika upesi, tena akaupangia watu ambao si waimbaji: Michel Platini wa mpira alikuwemo, Michel Drucker wa televisheni alikuwemo. Majira yale ya kwanza walitoa sahani milioni 8.5 za chakula. Coluche hakuyaona majira ya pili yakianza. Juni 1986 pikipiki yake iligongana na lori huko kusini, akafa akiwa na miaka 41.

Kazi ilibaki mikononi mwa waliokuwa hai. Kuanzia 1989 wasanii wakakusanyika kuimba kwa ajili ya Restos bila malipo, na Goldman akawa mhimili wa tamasha zile hadi alipoaga 2016. Fedha za tiketi na albamu zinanunua chakula. Na msidhani njaa imekwisha: miaka ya karibuni Restos wametoa zaidi ya milo milioni 160 kwa mwaka.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Majira ya pili ya baridi nikiwa Marseille nilijitolea jioni moja kwa wiki katika kituo chao kimoja. Kilikuwa ghala la zamani lenye mlango wa chuma wa kuvuta juu, na ukishavutwa upepo unaingia wote. Mimi nilipewa meza ya maziwa. Upande wangu wa kulia alisimama mama mstaafu, mfupi, mwenye glavu zilizokatwa vidole, akipasua gundi ya maboksi kwa ufunguo wa gari lake. Alikuwa na mtindo wa kupanga maboksi ya maziwa ya watoto wachanga nyuma kabisa, chini ya meza, ili yasiishe kabla kina mama wenye vichanga hawajafika, kwa sababu wao ndio huchelewa. Na akifanya hivyo, alikuwa akivumisha puani ule wimbo wa Goldman. Sidhani alijua kama anauvumisha.

Jioni moja nikamuuliza: mama, huyu bwana mnampendea nini hasa? Hakusita. Alisema: "Ametupa, na hajawahi kutudai."

Nimefundisha lugha miaka mingi na sijapata kusikia mapenzi yakielezwa kwa maneno machache namna hiyo. Mtu mashuhuri kwa kawaida anadai. Anadai utazame, ununue, umtetee anapokosea, umkumbuke anapochuja. Goldman aliwaandikia wengine nyimbo zilizowapandisha juu. Ile albamu ya Kifaransa ya Céline Dion ya 1995, iliyouzwa duniani kuliko albamu nyingine yoyote ya lugha hiyo, ni kazi ya mkono wake. Johnny Hallyday alipokea kwake nyimbo alizoziimba hadi kifo. Halafu mwenyewe akatoka mlango wa nyuma kwenda kulea watoto wake wadogo. Yule mama wa maziwa alikuwa anamwelewa kwa sababu alikuwa anafanya vilevile, kila Alhamisi, chini ya meza.

Sasa nije kwenye ukimya wa pili, na hapa nitawaomba mnisikilize kwa uangalifu, maana nisingependa mtu atoke akisema nimewatukana Wafaransa.

Zinedine Zidane alizaliwa Marseille mwaka 1972, akakulia mtaa wa La Castellane, kaskazini mwa mji. Baba yake, Smaïl, alitoka milima ya Kabylia huko Algeria miaka ya hamsini na kufanya kibarua cha ujenzi Saint-Denis, kando ya Paris. Katika Saint-Denis hiyohiyo baadaye ukajengwa uwanja wa Stade de France, na hapo, tarehe 12 Julai 1998, mwanawe akaifunga Brazil mabao mawili ya kichwa katika fainali ya Kombe la Dunia. Usiku ule sura ya Zidane iliangazwa juu ya Arc de Triomphe, lango la ushindi la majeshi ya Ufaransa, na umati uliojaa chini yake ukaliita jina la mtoto wa Smaïl.

Mimi nilifika Marseille miaka kadhaa baadaye, na wiki tatu za mwanzo nilikuwa natafuta chumba. Mzee mmoja alinikaribisha ndani, akanipa kahawa. Nilikuwa nimevaa mtandio wangu kama hivi. Nilimtajia mpira, basi dakika kumi nzima akanisimulia yale mabao mawili, akinionyesha kwa kiganja kona ilivyopinda na kichwa kilivyoshuka. Machozi yalimlengalenga. Kisha akaichukua ile fomu, akalisoma jina langu kamili, akaniambia kwa upole kwamba chumba kimeshapata mtu. Jioni yake rafiki yangu wa darasani, binti wa Lyon, akapiga simu kuulizia chumba kilekile. Kilikuwa wazi, aje kukiona hata kesho.

Machozi ya yule mzee yalikuwa ya kweli. Nimeligeuzageuza jambo hili miaka mingi na bado nashikilia hapo: machozi yalikuwa ya kweli, na mlango ulifungwa kweli.

Aliyenipokea mwishowe ni mama wa Kingazija, katika ghorofa ambayo lifti yake ilikuwa imekufa. Marseille ni mji wenye Wakomoro wengi sana. Lugha zetu zilikutana njiani: yeye akisema *madji*, mimi *maji*, tukacheka, nikakaa kwake miaka minne. Ukutani kwa mwanawe palikuwa na picha ya Soprano, mwimbaji wa kufoka ambaye wazazi wake ni Wakomoro na ambaye naye jina lake limo katika ile orodha ya wapendwa wa Wafaransa. Soprano alipoimba Vélodrome, uwanja wa mpira wa Marseille, mwaka 2017, yule mama, ambaye hata redio hakuwa mpenzi wake, alivaa nguo yake ya Idi kutazama vipande vya tamasha kwenye simu ya mwanawe.

Basi huo ukimya unaodaiwa ni upi? Angalieni Zidane. Ni mtu wa maneno machache kwa asili, na Wafaransa wanaupenda upole wake. Hata Julai 2006, kule Berlin, alipompiga kichwa Mwitaliano kifuani na kutolewa kwa kadi nyekundu katika mechi ya mwisho ya maisha yake ya uchezaji, nchi haikumtupa. Kesho yake Rais Jacques Chirac alimpokea na kumwambia kwamba taifa linampenda. Siku mbili baadaye Zidane alikwenda kwenye televisheni, akawaomba radhi watoto walioona, na papo hapo akasema hajutii. Mara chache sana amesema maneno mazito hadharani, na kila mara nchi imesimama kumsikiliza.

Sasa mtazame Omar Sy. Alizaliwa 1978 Trappes, magharibi mwa Paris, mtoto wa nne kati ya wanane. Baba yake alitoka Senegal kuja kufanya kazi kiwandani, mama yake ni wa Mauritania na alikuwa akisafisha majengo. Nyumbani ni Kifulani. Mwaka 2011 filamu yake ya *Intouchables* ilitazamwa kwenye kumbi za Ufaransa na watu zaidi ya milioni 19, na 2012 akawa mwigizaji mweusi wa kwanza kupata César, tuzo kuu ya filamu za Kifaransa, ya mwigizaji bora wa kiume. Mwisho wa mwaka uleule Wafaransa wakamweka wa kwanza katika orodha yao. Ana kicheko kinachotoka tumboni, na ukikisikia utacheka hata kama hukusikia kilichosemwa.

Januari 2023 ilitoka filamu aliyoiwekea moyo na fedha, inayohusu askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Akihojiwa na gazeti, aliuliza swali ambalo nyumbani kwetu lingeulizwa na mtu yeyote kibarazani: mbona vita ya Ukraine iliwashtua watu kuliko vita za Afrika? Hakumtukana mtu. Siku kadhaa hakukuwa na mazungumzo mengine. Wanasiasa walimjia juu, akaambiwa hana shukrani, akakumbushwa mali yake na nyumba yake ya Marekani. Mtu aliyependwa kwa kicheko alikuwa ameacha kucheka kwa dakika moja.

Kylian Mbappé ni hivyohivyo. Mtoto wa Bondy, baba mwenye asili ya Kamerun, mama mwenye asili ya Algeria. Aliposhinda Kombe la Dunia 2018, akiwa na miaka 19, posho yake aliitoa kwa shirika linalowachezesha michezo watoto wagonjwa na wenye ulemavu. Watu wakambeba. Alipokosa penalti dhidi ya Uswisi katika mashindano ya Ulaya ya 2021, akamiminiwa matusi ya rangi yake. Na Juni 2024, kabla ya uchaguzi wa bunge, alipowahimiza vijana wapige kura na kuonya juu ya siasa kali, wapo waliomwambia abaki na mpira wake.

Hamwoni utofauti? Goldman akinyamaza, watu wanasema: tazama heshima yake. Omar Sy akisema, watu wanasema: tazama asivyo na adabu. Wote wawili ni watoto wa watu waliokuja na mizigo mkononi. Lakini mmoja ukimya wake ni zawadi, na mwingine ukimya wake ni kodi ya nyumba.

Yannick Noah nampitia haraka kwa sababu ya saa, ingawa angestahili jioni yake peke yake. Amezaliwa Sedan mwaka 1960, mama Mfaransa mwalimu, baba Mkamerun mcheza mpira. Alikulia Yaoundé, akaonekana huko na mcheza tenisi wa Marekani Arthur Ashe mwaka 1971, na tarehe 5 Juni 1983 akatwaa taji la tenisi la Roland Garros, la wanaume mmoja mmoja. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine wa Kifaransa aliyelitwaa taji hilo tangu siku ile. Baadaye akawa mwimbaji, akapendwa mara ya pili kana kwamba ni mtu mwingine.

Nilisema nitamrudia padri. Hapa pananiwia vigumu.

Abbé Pierre, jina la kuzaliwa Henri Grouès, alianzisha jumuiya za Emmaüs mwaka 1949: watu wasio na makazi wanaokusanya vitu vilivyotupwa, wanavitengeneza, wanaviuza, wanaishi kwa jasho lao. Tarehe 1 Februari 1954, katika baridi kali, alizungumza redioni kuhusu mwanamke aliyekufa kwa kuganda usiku uliopita kwenye barabara ya Paris, mkononi ameshika karatasi ya kufukuzwa kwenye nyumba. Wafaransa wakaleta mablanketi, mahema, fedha, mpaka hoteli iliyofanywa ghala ikafurika. Tangu siku ile alikuwa baba wa nchi. Miaka na miaka aliongoza ile orodha ya wapendwa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipoomba mwenyewe jina lake litolewe. Alipofariki Januari 2007 walimsalia Notre-Dame.

Julai 2024 Emmaüs wenyewe, wanawe, wakatangaza ushuhuda wa wanawake saba waliosema aliwadhulumu kingono. Ukafuata ushuhuda mwingine, mwingi, wa miaka mingi. Taasisi iliyopigania makazi kwa jina lake ikalifuta jina hilo.

Nilikuwa na picha yake katika kitabu nilichofundishia. Nilikuwa nikiwasomesha watoto ile hotuba ya 1954 kama mfano wa Kifaransa chepesi kinachotembea. Ushuhuda ulipotoka sikujua nifanye nini na ukurasa ule. Niliwaza sana juu ya wale wanawake: kila mara orodha inatoka, jina la kwanza ni lake, nchi nzima inapiga makofi, nawe umekaa na jambo lako rohoni. Ungemwambia nani? Nani angekuamini wewe dhidi ya watu milioni sitini wanaompenda? Huo ndio ukimya wa tatu. Haukuwa wake, lakini ndio uliombeba.

Ndiyo maana nawaambia wanangu, Emmaüs ninaiheshimu zaidi leo. Wangeweza kukaa kimya. Mzee alikuwa amekwisha kufa, na misaada ilikuwa inaingia kwa jina lake. Wakaona afadhali jina lianguke.

Sasa huyu wa mwisho. Yeye hakukubali ukimya wa aina yoyote.

Aya Nakamura alizaliwa Bamako mwaka 1995, akalelewa Aulnay-sous-Bois, kaskazini mwa Paris, katika ukoo wa wasimulizi na waimbaji wa Kimali. Mwaka 2018 wimbo wake "Djadja" ulivuka mipaka yote, ukaimbwa hadi na watu wasiojua Kifaransa. Yeye ni kati ya waimbaji wa Kifaransa wanaosikilizwa zaidi duniani. Anaimba Kifaransa cha mtaani kwao, kilichochanganyika na Kibambara, maneno ya vijana, na vitu anavyovitunga mwenyewe. Mapema 2024 ziliposambaa habari kwamba huenda akaimba kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, watu wa mrengo mkali walitandika bango kando ya mto Seine wakimwambia hapa ni Paris, si soko la Bamako. Mpaka waendesha mashtaka wakaingilia. Na wengi ambao hawakutandika bango walisema kwa sauti ya chini: huyu hata Kifaransa hajui.

Nyinyi mnaosoma Kifaransa kwa kamusi na jasho, mnajua uchungu wa neno hilo.

Basi tarehe 26 Julai 2024 nilikuwa Mombasa, sebuleni kwa dada yangu, televisheni tumeigeuza ili jirani naye aone kupitia dirishani. Kamera ikaja kwenye daraja la Pont des Arts. Mbele ya daraja kuna jengo lenye kuba. Nikamshika dada mkono, kwa sababu jengo lile nalijua: ndani yake hukaa Académie française, baraza la wazee wanaolinda lugha ya Kifaransa tangu karne ya 17. Upande ule ndiko alikotokea Aya Nakamura, amevaa dhahabu yenye manyoya, wasichana wake nyuma. Na kutoka upande wa pili wakaja kumlaki bendi ya Garde républicaine, walinzi wa jamhuri, kwa sare zao na tarumbeta, ambao kazi yao ni kupigia marais. Wakampigia yeye. Kisha, na hapa dada alipiga kigelegele, wale askari wenye migongo ya mbao wakaanza kuyumba naye. Akaingiza na kipande cha Charles Aznavour, mtoto wa wakimbizi wa Kiarmenia, ambaye naye alipoanza aliambiwa sauti yake haifai.

Sikusema kwamba usiku ule umemaliza ugomvi. Haukuumaliza. Aya Nakamura hapendwi kwa namna anavyopendwa Goldman, na huenda asipendwe hivyo kamwe, kwa sababu hataki kutulia. Mimi mwenyewe, kama mwalimu, kuna maneno yake nimeyatafuta kwenye kamusi nisiyapate. Lakini nilipomwona akiwapita wale wazee wa kamusi bila kugeuka, nilijiona mimi kwenye kile chumba, na ile fomu, na lile jina langu refu. Safari hii jina lilikuwa limesomwa kwa tarumbeta.

Nimalizie pale nilipoanzia, nanyi mtaelewa kwa nini nilianzia pale.

Shangazi zangu walikuwa wakiitikia "Aisha, Aisha" tu. Huo ni upande wa mwanamume: anamwona binti anapita, mzuri kupindukia, anamwita, anamsihi amsikilize, anamwahidi lulu na vito, anamwambia atamfanyia hiki na kile. Ubeti baada ya ubeti anayesema ni yeye. Nilikuwa nimekwisha kujua Kifaransa, niko Marseille kwenye basi, wimbo unapigwa na dereva, ndipo kwa mara ya kwanza nikausikia ubeti ambao sisi kwenye harusi tulikuwa tukiufunika kwa vigelegele. Binti anageuka. Anajibu. Anamwambia abaki na hazina zake, kwamba fito za jela ni fito tu hata zikiwa za dhahabu, na kwamba anachotaka yeye ni haki sawasawa na zake, na heshima kila siku.

Hayo aliyaandika Goldman. Mtu ambaye amenyamaza zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyempa Aisha ulimi.

Nimemwomba kijana wetu wa mitambo auweke. Kina mama, vigelegele mniwekee mpaka mwisho wa ubeti wake. Haya, mwanangu, uachie.